Maneno ya Kiingereza cha zamani: yale unayoyajua ndiyo yanayopotosha

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na kanisani naongoza kikundi cha vijana wanaosoma Biblia ya King James. Kila wiki wananiuliza maana ya "thou", "ye", "hath" na "wherefore". Nimeletewa pia mkataba wa pango wa Kiingereza uliojaa "hereinafter", "demise" na "witnesseth". Je, kuna orodha ya kukariri, au kuna njia ya kuyaelewa maneno haya? Na vijana wakitaka kuandika igizo kwa Kiingereza hicho, wazingatie nini?

Jibu: Mwalimu, orodha ipo na si ndefu, lakini peke yake haitakufikisha. Maneno yanayoonekana mageni hayana hatari kubwa. Kijana akikutana na "wist" anajua kwamba halijui, atauliza au atafungua kamusi. Hatari iko kwenye "let", "meat", "prevent" na "study". Hayo ameyazoea tangu shule ya msingi, kwa hiyo anapita juu yake bila kusita, akiwa amebeba maana ambayo watafsiri wa King James wa mwaka 1611 hawakuikusudia. Nitaanza na sarufi kwa sababu inafunzika kwa kipindi kimoja, kisha nikae zaidi kwenye maneno hayo.

Kwanza tuweke majina sawa. Kiingereza cha King James si kile ambacho wataalamu hukiita Kiingereza cha Kale. Hicho kilisemwa hadi karibu mwaka 1100, na Mwingereza wa leo hawezi kukisoma bila kukisomea kama lugha ngeni. Kikafuata Kiingereza cha Kati hadi karibu 1500, na kutoka hapo hadi karibu 1700 ni Kiingereza cha Kisasa cha Mwanzo. Humo ndimo zilimo King James ya 1611 na tamthilia za Shakespeare. Kwa sehemu kubwa sarufi yake ni ileile unayoifundisha darasani, ukiondoa mambo machache ambayo, bahati nzuri, mengi Kiswahili kinayo.

Nafsi ya pili ni mojawapo. "Thou" ni wewe unayetenda, "thee" ni wewe unayetendwa, "thy" ni -ako. "Thine" nayo ni -ako, ila hutumika mbele ya irabu kama katika "thine eyes", mara nyingi mbele ya h kama katika "thine heart", na pale linaposimama lenyewe: "thine is the kingdom". "Ye" ni ninyi mnaotenda, "you" ni ninyi mnaotendwa, "your" ni -enu. Mistari miwili inatosha kulifunza jambo zima. Marko 1:24 una "I know thee who thou art", na Yohana 15:16 una "Ye have not chosen me, but I have chosen you". Iandike ubaoni, vijana wabadilishe mtenda na mtendwa, na somo limekwisha.

Tofauti hii ina uzito katika maana. Katika Luka 22:31-32 Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani "hath desired to have you", kisha anaongeza "but I have prayed for thee". Msomaji wa Biblia ya Kiingereza cha leo anaona "you" mara zote mbili na kudhani ni Petro tu. King James inaonyesha kwamba Shetani amewataka wanafunzi wote, na Petro ndiye anayeombewa peke yake. Biblia ya Kiswahili ya Union Version inasema vilevile: amewataka ninyi, nimekuombea wewe. Yohana 3:7 nao uko hivyo. "I said unto thee" ni kwa Nikodemo, lakini "Ye must be born again" ni hamna budi, kwa watu wengi.

Usiwaache vijana waamini kwamba "thou" ni neno la heshima kwa Mungu. Dhana hiyo imeenea kwa sababu neno hilo limebaki hai zaidi kwenye sala, na tafsiri ya Revised Standard Version ya 1952 iliiimarisha ilipoliacha kwa ajili ya kumwomba Mungu tu. Katika King James "thou" ni idadi basi: mmoja. Ule mstari wa Marko 1:24 unasemwa na pepo mchafu, na Ibilisi katika Mathayo 4:3 anasema "If thou be the Son of God". Watafsiri walifuata Kiebrania na Kigiriki, lugha zinazotenganisha umoja na wingi kama Kiswahili.

Kwa Shakespeare mambo ni tofauti kabisa, na hapa walimu wengi huchanganya. Tangu karne ya 13 Waingereza, kwa kuiga Kifaransa, walianza kumwambia mkubwa mmoja "you" kama ishara ya heshima. Kufikia mwaka 1600, "thou" ilikuwa ya mzazi kwa mtoto, bwana kwa mtumishi, wapenzi wakiwa peke yao, mtu kwa Mungu, na mtu mwenye hasira kwa adui yake. Kwenye kesi ya uhaini ya Sir Walter Raleigh, Winchester, 1603, mwendesha mashtaka Edward Coke alimtupia: "I thou thee, thou traitor!" Tusi lilikuwa ni kumwita hivyo mtu wa hadhi yake. Kwa hiyo katika tamthilia angalia mahali mhusika anapotoka kwenye "you" kwenda "thou" au kurudi. Pale uhusiano umebadilika, ama kwa mapenzi, ama kwa dharau.

Vitenzi navyo ni vyepesi. "Thou" huchukua -est au -st: "thou goest", "thou hast", "thou didst", na vichache visivyofuata kanuni, yaani "art", "wast", "wert", "shalt", "wilt". Nafsi ya tatu umoja, na hiyo tu, huchukua -eth: "he goeth", "she hath", "it doth", "he saith", hili la mwisho likitamkwa "seth". Kiishio hicho kinafanya kazi ya kiambishi chetu cha nafsi: ukikiona unajua mtenda ni nani hata kama yuko mbali. Ndiyo sababu "Our Father which art in heaven" si tatizo kwa Mswahili. "Art" pale ni kitenzi cha wewe, sawasawa na u- iliyomo ndani ya "uliye mbinguni". Halina uhusiano na sanaa. Na "which" wakati huo ilitumika kwa watu pia, kwa hiyo haimfanyi Mungu kuwa kitu.

Kiishio -eth kilikuwa kinakufa hata wakati huo, -s ya kaskazini mwa Uingereza ikichukua nafasi yake. King James imeshikilia -eth kote. Shakespeare anachanganya vyote ndani ya mstari mmoja, katika ile tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi: "It blesseth him that gives and him that takes". Maana ni moja, alichagua kwa ajili ya mizani.

Mengine ya sarufi nitayapitia haraka. Kukanusha na kuuliza hakukuhitaji "do": "I know not", "What sayest thou?" Vitenzi vya mwendo na mabadiliko vilitumia "be" mahali pa "have", hivyo "I am come" ni nimekuja na "he is risen" ni amefufuka, wala si kauli ya kutendwa. Neno "its" halikuwa limezoeleka, ndiyo maana chumvi ya Mathayo 5:13 imepoteza "his savour". Chumvi haijafanywa mwanamume. Na kitenzi cha kuomba au kutakia hakina -s wala -eth: "Thy kingdom come" si ufalme wako unakuja wala umekuja. Ni uje. "Hallowed be thy name" ni litukuzwe. Mwanafunzi anayejua tofauti ya "unakuja" na "uje" ameshalielewa jambo ambalo wanafunzi wa Kiingereza huhangaika nalo miaka.

Kisha kuna kundi la mahali, nalo lina mpango. "Here", "there" na "where" ni pa kukaa. "Hither", "thither" na "whither" ni kuelekea. "Hence", "thence" na "whence" ni kutokea. Mwanzo 16:8 unayo mawili pamoja, malaika akimuuliza Hajiri: "whence camest thou? and whither wilt thou go?" Umetoka wapi, unakwenda wapi. Kiswahili kinatosheka na "wapi" kwa sababu kitenzi chenyewe kinabeba mwelekeo. Kiingereza cha zamani kilibadilisha neno. "Hence" ina kazi ya pili ya wakati, "two years hence" ikiwa ni miaka miwili kuanzia sasa, na ya tatu ya sababu, ambayo ndiyo iliyobaki hai leo.

"Wherefore" linafanana na kundi hilo lakini halimo. Ni kwa nini, au kwa sababu hiyo. Juliet, katika tamthilia ya Shakespeare ya Romeo and Juliet, anaposema "wherefore art thou Romeo?" hamtafuti. Anauliza kwa nini awe Romeo, mtoto wa ukoo wa adui, na mstari unaofuata unathibitisha: "Deny thy father and refuse thy name". Vijana wakiigiza kipande hicho wasiweke mkono juu ya macho kama wanaotazama mbali. Mkazo uende kwenye "Romeo", si kwenye "art".

Sasa maneno yaliyogeuka. "Let" ni zito kuliko yote kwa sababu lilikuwa na maana mbili zinazopingana kwa wakati mmoja. Ni vitenzi viwili tofauti vya Kiingereza cha Kale, kimoja cha kuruhusu na kingine cha kuzuia, ambavyo baada ya karne nyingi vilikuja kufanana umbo. Katika 2 Wathesalonike 2:7, "he who now letteth will let", anayesemwa ni azuiaye. Katika Warumi 1:13 Paulo anasema alikusudia kwenda Rumi ila "was let hitherto", alizuiwa. Kipimo chake ni hiki: ikiwa baada ya "let" kuna mtu au kitu kisha kitenzi, kama "let my people go", ni kuruhusu. Ikiwa limesimama bila kitenzi kingine mbele yake, shuku kuzuia. Pasipoti ya Uingereza bado inaomba mwenye hati apite "without let or hindrance", bila kuzuiwa wala kupingwa, na maneno hayo yalirithiwa na pasipoti za nchi kadhaa zilizotawaliwa na Mwingereza. Mchezaji wa tenisi naye husema "let" mpira wa kuanzia unapogusa wavu.

"Suffer" hupimwa kwa njia hiyohiyo. "Suffer the little children to come unto me", Marko 10:14, lina mtu na kitenzi baada yake: waacheni waje. "Christ also suffered for us", 1 Petro 2:21, halina, na hapo ni kuteswa. Wapo wanaousoma mstari wa watoto kana kwamba unahusu mateso yao, jambo linalogeuza mapenzi ya Yesu juu chini.

"Prevent" lilikuwa kutangulia, kama asili yake ya Kilatini ya kuja kabla. "We which are alive", inasema 1 Wathesalonike 4:15, "shall not prevent them which are asleep": hatutawatangulia. Mtu akishika maana ya leo ataona walio hai wanakatazwa kuwazuia wafu wasifufuke, na mafundisho ya ajabu hutoka mahali kama hapo. Zaburi 119:147, "I prevented the dawning of the morning", ni mtu aliyeamka kabla ya alfajiri.

Kuna mstari unaopendwa sana kwenye kuta za shule na kalenda za makanisa, 2 Timotheo 2:15: "Study to shew thyself approved unto God". "Study" hapo si kudurusu vitabu. Ni kufanya bidii, na Union Version imeandika "Jitahidi". Kusoma ni jambo jema, lakini mstari huo haukuandikwa kwa ajili ya mtihani. "Shew" ni "show" kwa tahajia ya zamani na hutamkwa vilevile.

Jikoni na shambani kuna mitego yake. "Meat" kilikuwa chakula chochote, nyama ikiitwa "flesh". Katika Mwanzo 1:29 mimea yenye mbegu inatolewa "for meat", na "meat offering" ya Mambo ya Walawi 2 ni sadaka ya unga, mafuta na ubani, bila nyama hata kipande. "Corn" ni nafaka, na kwa Mwingereza hasa ngano. Mashamba ya Marko 2:23 hayakuwa ya mahindi, zao lililovuka kutoka Amerika baada ya 1492. Na "charger" aliyoiomba binti wa Herodia katika Marko 6:25 ni sinia kubwa. Mstari huohuo una "by and by", ambayo leo ni baadaye kidogo lakini pale ni sasa hivi. "Presently" na "anon" nazo zilikuwa mara moja: mtini wa Mathayo 21:19 ulinyauka palepale. Maneno haya yote matatu yalilegea kwa sababu moja, watu husema "sasa hivi" wakimaanisha baadaye, na wasikilizaji hatimaye hulipokea neno kwa maana ya matendo yao.

Mengine yenye kuleta makosa nitayataja kwa mkupuo. "Conversation" ni mwenendo mzima wa maisha, si mazungumzo, 1 Petro 1:15. "Be careful for nothing", Wafilipi 4:6, halikatazi uangalifu. Linakataza wasiwasi. "I shall not want" ya Zaburi 23 ni sitapungukiwa, si sitataka. "Quick" ni hai, ndiyo maana Kristo atawahukumu "the quick and the dead". "Peculiar people" ya 1 Petro 2:9 ni watu walio milki ya Mungu mwenyewe, si watu wa ajabu. "Nephews" wa 1 Timotheo 5:4 ni wajukuu. "Carriages" za Matendo 21:15 ni mizigo, na "fetched a compass" ya Matendo 28:13 ni kuzunguka, hakuna dira. "Publican" ni mtoza ushuru, ingawa Mwingereza wa leo akilisikia atamfikiria mwenye baa.

Njia ya haraka ya kuyabaini maneno haya ni kusoma King James na Union Version sambamba. Palipo na neno unalolijua lakini Kiswahili kinasema jambo jingine, simama. Ila si kila tofauti inatokana na neno kubadilika. Agano Jipya la King James lilifuata maandishi ya Kigiriki yaliyochapishwa karne ya 16, na baadhi ya mistari yake haimo katika nakala za kale zaidi. 1 Yohana 5:7 ndio mfano maarufu. Ushahidi wa "the Father, the Word, and the Holy Ghost" haumo katika nakala hizo, na hakuna kamusi itakayokueleza kwa nini.

Tuje kwenye mkataba wako wa pango. Lugha hiyo ililetwa na mawakili wa Kiingereza, nayo inatunzwa na mazoea ya kunakili mikataba ya zamani. Maneno yenye "here-" yanahusu hati hii uliyoishika: "hereto" ni kwenye hati hii, "hereunder" ni chini ya hati hii, "hereinafter" ni kuanzia hapa kwenda mbele. Yenye "there-" yanahusu kitu kilichotajwa punde: "thereof" ni cha hicho, "thereto" ni kwa hicho. Ukipata "thereof", rudi nyuma utafute nomino, na ukipata mbili zinazoweza kuwa ndizo, weka alama, kwa maana hapo ndipo kesi huzaliwa. "Witnesseth" ni -eth ile uliyokwisha kuijua: hati hii inashuhudia. "Whereas" hutangulia maelezo ya chanzo cha makubaliano, na kwa kawaida sehemu hiyo haiundi wajibu. Wajibu huanza kwenye vifungu vya "shall" na "covenants". "Know all men by these presents" haina zawadi, "presents" ni hati hii iliyopo mbele yenu.

Kuna maneno matano ambayo lazima mpangaji ayaelewe kabla ya kutia saini. "Demise" ni kupangisha, na "the demised premises" ni nyumba iliyopangishwa, hakuna aliyefariki. "Determine" na "determination" ni kukoma: "upon the sooner determination of the term" ni endapo pango litakatishwa kabla ya muda. "Quiet enjoyment" ni haki ya kukaa bila kubughudhiwa na mwenye nyumba, haihusu kelele za jirani wala starehe. "Save" ni isipokuwa, na kifungu kinachoanza kwa "save as" kinaweza kufuta nusu ya ulichoahidiwa juu yake. "Distress" ni kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi isiyolipwa. Kenya ina sheria yenye neno hilo kwenye jina, Distress for Rent Act, Sura ya 293. Mpangaji akilisoma kama dhiki ya moyo, atakuwa ameridhia jambo zito bila kujua.

Utaona pia maneno yanayotembea mawili mawili, "null and void", "goods and chattels", "will and testament". Sheria ya Uingereza ilipitia Kilatini na Kifaransa kabla ya Kiingereza, na mara nyingi wanasheria waliliweka neno la lugha moja karibu na la nyingine. Katika jozi hizo tatu hakuna haja ya kutafuta maana mbili tofauti. Usilifanye hilo kuwa kanuni ya mkataba mzima, lakini. Neno likiwa limefasiriwa kwenye kifungu cha tafsiri, fuata fasiri ya humo, na kwa jambo lenye fedha nyingi mpe wakili asome.

Kuhusu kamusi. Kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili zimetungwa kwa Kiingereza cha leo, hivyo kwenye "prevent" utapata kuzuia na utapotea. Kamusi iliyo kamili ni Oxford English Dictionary, iliyoanza kutoka kwa mafungu mwaka 1884 na kukamilika 1928. Hupanga maana za kila neno kihistoria na kutoa mifano yenye miaka. Tafuta maana yenye mfano wa karibu na mwaka wa andiko lako. Wasomaji wengi wa King James hupenda kamusi ya Webster ya 1828 kwa kuwa inapatikana bure. Ni nzuri, lakini ilitoka miaka 217 baada ya King James, na ni ya Marekani. Itumie kwa kuthibitisha, usiifanye hakimu wa mwisho. Soma pia alama za kamusi: "obsolete" ni neno au maana iliyokufa, "archaic" ni iliyobaki kwa ladha ya kale, na "historical" ni neno lililo hai kwa kitu kilichopita, kama sarafu ya "farthing". Alama hizo huwekwa kwa kila maana, si kwa neno zima. "Let" lenyewe ni hai, maana yake ya kuzuia ndiyo yenye alama.

Tarakimu zinahitaji uangalifu wao. "Score" ni 20, kwa hiyo "threescore years and ten" ya Zaburi 90:10 ni miaka 70. Ukiwahi kusoma ripoti za kikoloni, "hundredweight" si ratili 100. Ni 112, karibu kilo 51. "Billion" ya Mwingereza kabla ya 1974 kwa kawaida ilikuwa milioni mara milioni. Na katika barua za ofisi za zama hizo, "inst." baada ya tarehe ni mwezi huu, "ult." mwezi uliopita, "prox." mwezi ujao.

Igizo la vijana linawezekana vizuri. Kwanza waamue kama wanafuata Biblia, ambapo "thou" ni mtu mmoja yeyote, au jamii ya Shakespeare, ambapo mtoto anamwambia baba "you" na baba anamjibu "thou". Wasichanganye katika igizo moja. Wasibandike -eth kila mahali: "I goeth" na "they hath" si kanuni ya King James wala ya Shakespeare. "Ye" wakiiwekea kundi la watu hawatakosea. Ile ya vibao vya "Ye Olde" si neno hilo. Ni "the" iliyoandikwa kwa herufi ya kale ya th, ambayo wachapaji waliibadilisha na y kwa kuwa hawakuwa na chapa yake, na husomwa "the". Waandike "'tis" mahali pa "it's", na "mine" mbele ya irabu, "mine enemy".

Kisha wapitie kila sentensi kwa maswali matatu: anayeambiwa ni mmoja au wengi, ni mtenda au mtendwa, na kitenzi kina kiishio cha nani. Kijana akiandika "Where doth thou goeth?", mwonyeshe kwamba "doth" ni ya yeye, "goeth" nayo ni ya yeye, mwenye kuambiwa ni wewe, na anaulizwa anakoelekea, si aliko. Ikishasahihishwa inabaki na maneno matatu: "Whither goest thou?"